Mililita Mia Nane

Tangu jana asubuhi jagi la mkojo la Mzee Maundu halikuwa limepata hata tone. Nesi Jedidah alimwekea kiganja chini ya kitovu, akakuta tumbo limevimba na kukaza, na mzee akauma meno. Choo kikubwa nacho hakikuwa kimekuja kwa siku nne. Alishamkanda kwa kitambaa cha moto, akamfungulia bomba asikie maji yakichuruzika, akamsimamisha kando ya kitanda. Wapi. Miaka ishirini ya kukata mkonge mzee hakumwomba mtu msaada, na sasa alimwomba msichana wa Bura aliyelingana na mjukuu wake.

"Mwanangu, nifungue," alisema. "Naona haya, lakini nifungue."

Alihitaji mpira wa kutolea mkojo. Ilikuwapo kumi na miwili, mipya, imepangwa kabatini, na kabati limefungwa, maana mkubwa kutoka Mombasa alikuwa anakuja kukagua saa nne na ilitakiwa aikute imetimia. Daktari alikuwa ameenda kumpokea. Sista Elsie, mwenye wadi, alimsikiliza Jedidah mpaka mwisho, kisha akasema mzee atangoja mgeni aondoke. Halafu akaitazama karatasi iliyoning'inia kitandani. Safu ya mkojo ilikuwa sifuri tupu.

"Hii ataisoma," alisema. "Andika mia nane."

"Sista, hajakojoa."

"Wewe bado uko kwa majaribio, sivyo? Andika."

Jedidah aliandika. Alijichukia, lakini mwandiko ulitoka mzuri, ule wa shule ya misheni. Alijipa moyo kwamba ni kungoja kwa muda wa saa mbili tu. Mgeni akipanda gari, kabati litafunguliwa.

Mgeni alisifu mashuka, akahesabu mipira, akaridhika. Kwa Maundu alisoma karatasi tu. Mgonjwa mwenyewe hakumgusa. Mzee alipofungua mdomo, Sista alimwahi, akasema wazee wa mashamba hupenda sana kulala hospitalini.

"Mkojo mzuri kabisa," mgeni alisema. "Mruhusuni leo, kitanda kipate mgonjwa. Nyumbani anywe maji mengi."

Akatia sahihi chini ya mia nane. Nesi wa majaribio angeifutaje sahihi ya mkubwa? Jedidah alimshika mzee upande mmoja, mkewe Katunge upande wa pili, wakamteremsha ngazi polepole. Getini Katunge alimshukuru sana, akauliza yale maji mengi aliyoagiza mkubwa, wakifika nyumbani Mbololo ampe vikombe vingapi kwa siku.