Ukingo wa Upande Wangu

Binti yangu alijua alichokuwa akifanya alipotupatia kazi moja sisi wawili, mimi na mkwe wangu, mama wa mumewe. Mtoto alizaliwa njiti, yumo ndani ya kisanduku cha joto, na sisi mabibi tulibishana kwenye korido mpaka wauguzi wakatuchoka.

"Fumeni shali," akasema. "Jeupe, la matundu. Mmoja aanzie upande huu, mwingine upande ule, mkutane katikati. Ndilo nitakalomtolea mwanangu humu."

Mimi ni fundi wa masweta ya shule, miaka nenda miaka rudi. Sweta huanzishwa kwa mkono mzito; mishono ya kwanza ikilegea, kiuno kinaning'inia kama ulimi wa ng'ombe. Basi na shali nikalianzisha hivyohivyo, nikakaza. Mkwe wangu yeye alishika sindano mbili pamoja, akazungushia mishono ya kuanzia juu ya zote mbili, kisha akachomoa moja. Mishono ikabaki mipana, inacheza. Nikamcheka.

"Mkwe, hilo shali au wavu?"

Akaendelea kufuma.

Siku daktari aliposema mtoto amefikisha uzito na kesho yake anatoka, tuliunganisha vipande vyetu nyumbani kwangu, tukaliosha shali, tukalitandaza juu ya godoro tulivute kwa pini. Shali la matundu halina sura mpaka livutwe. Upande wake ulifunguka, kila tundu likajionyesha. Wangu ukagoma. Nilivuta, pini zikapinda. Ukingo ulikuwa umejibana kama mdomo wa mfuko uliofungwa kamba, na matundu ya juu yake yote yamefumba.

Nikasema uzi ni mbaya. Nikasema godoro lina mabonde. Moyoni nilijua ni mkono wangu. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu nilikuwa naye tayari. Kufumua nusu nzima na kuifuma upya kabla ya asubuhi haikuwezekana, na binti yangu, aliyekaa siku zote zile akimtazama mwanawe kupitia kioo, hakuwa ameniomba kitu kingine chochote. Nikakaa kitako sakafuni, nikalia.

Nikangoja mkwe anicheke. Ilikuwa haki yake.

"Mkasi uko wapi?" akauliza.

"Wa nini?"

"Tukate huo ukingo."

"Ukate? Lifumuke lote mpaka katikati? Si uniue kabisa!"

"Mkwe, kelele hazifumi. Lete mkasi."

Kwanza alipitisha uzi mwekundu ndani ya kila mshono wa mstari ulio juu ya ukingo, ili mishono isikimbie. Kisha akakata mshono mmoja chini yake, akaanza kuchomoa taratibu. Ukingo wangu wa kisweta ukaachia, ukatoka mzima, akautupa. Mishono ikabaki wazi juu ya uzi mwekundu, yote ipo. Hapo ndipo nilipovuta pumzi.

"Funga ukingo wewe," akasema, akinipa sindano. "Fuma miwili pamoja, rudisha ule mmoja kwenye sindano ya kushoto, fuma tena miwili. Na ulegeze. Legeza mpaka uone aibu."

Nililegeza mpaka nikaona aibu. Tukalowesha tena, tukavuta. Ukingo ukaenda, ukaenda, ukafika. Nikamkumbatia mkwe wangu, mimi niliyezoea kumsalimia kwa ncha za vidole.

"Ulijuaje?"

"Shali la mwanangu, huyo mkweo, nililibana hivyohivyo. Sikuwa na wa kunikatia. Nikamfunika nalo limekunjamana."

Asubuhi muuguzi alimtoa mtoto kisandukuni, binti yangu akamzungushia shali. Mtoto akalia kwa nguvu, kilio cha mwenye mapafu yake kamili, na sisi wote tukacheka huku machozi yanatutoka. Binti akapapasa kingo.

"Upande wa nani ni upi?"

Mkwe akainama, akazichunguza kingo zote mbili, akashika ule uliokaa vizuri zaidi.

"Huu wangu," akasema, bila wasiwasi wowote.

Ulikuwa wangu. Wauguzi wa korido ile ni mashahidi kwamba sijawahi kuliacha neno la mkwe likapita hivihivi.

"Ndiyo," nikasema, "huo wake." Nikanyoosha mikono, nikampokea mjukuu wetu.