Mwenye Fagio na Wenye Mkonga

Katika kambi ya matengenezo ya barabara, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Fagio. Mtu gani, jamani, anapiga deki mpaka ndani ya pipa la taka? Sufuria yake ya chai ilimeremeta hadi wenzake wakaifanya kioo cha kunyolea ndevu, na chumbani kwake ulivua viatu, ukapangusa miguu, ndipo ukaanza kufikiria kukaa.

Fagio alisimamia kipande cha barabara kinachokatiza hifadhi ya wanyama. Kabla ya barabara hiyo, kumpeleka mkewe hospitali kubwa ilibidi waizunguke hifadhi nzima, siku nzima wakirushwarushwa garini kama mahindi kwenye ungo. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa figo, na kila wiki alitakiwa kuunganishwa na mashine ya kuchuja damu. Alikuwa akifika hoi, anarudi hoi zaidi. Siku hizi walipanda basi asubuhi, na jioni mama yuko jikoni kwake anamgombeza mumewe kwa chumvi aliyozidisha. Fagio alizipokea lawama hizo kama zawadi. Mwaka uliotangulia mke huyu hakuwa hata na nguvu za kununa.

Sasa, barabara hiyo ilikuwa imekata ushoroba, yaani mapito ambayo tembo huyatumia kutoka milimani kwenda mtoni. Ndiyo maana wajenzi waliiinua pale na kuacha chini yake njia pana ya zege: magari juu, wanyama chini. Makubaliano na hifadhi yalikuwa wazi. Familia za tembo zikiikubali njia ile kabla kiangazi hakijaisha, barabara inabaki. Zikiikataa, barabara inafungwa, maana hakuna aliyetaka basi la abiria likutane uso kwa uso na tembo mwenye kiu.

"Kwani tembo wanapigaje kura?" aliuliza dereva wa lori la kambi, mtani mkubwa wa Fagio.

"Kwa miguu, bwana. Na mimi nitahakikisha wakija wanakuta pamependeza."

Hakuwa anatania. Barabara ilikuwa imemrudishia mke, naye angeilipa fadhila kwa kile alichokijua. Kila asubuhi alishuka na fagio, ndoo na dawa ya kuua vijidudu. Alizoa majani, akakwangua matope, akasugua sakafu mpaka njia ya tembo ikanukia kama wodi ya wazazi.

Tembo hawakuonekana. Kiangazi kikaanza kuelekea ukingoni, na habari zikafika kambini kwamba mkuu wa hifadhi ameagiza mageti ya kuifunga barabara. Fagio alilala macho wazi. Asubuhi akaongeza dawa.

Siku hiyohiyo afisa wanyamapori, dada mmoja mcheshi aliyekuwa amefunga kamera kwenye nguzo ya njia ile, alikuja kambini na kompyuta yake.

"Kaka Fagio, njoo uwaone wageni wako."

Picha ya kwanza: familia ya tembo mlangoni kabisa mwa njia, mama mkubwa mbele, mkonga chini, ananusa. Picha ya pili: makalio yao. Wameghairi, wanaondoka. Picha ya tatu ilijaa kitu kipana cha rangi ya kaki.

"Kiboko!" dereva alipiga kelele.

"Kiboko gani? Huyo Fagio kainama," alisema afisa, na kambi nzima ikaangua kicheko.

Alipomaliza kucheka, afisa alivuta kiti karibu na Fagio. "Kaka yangu, moyo wako ni mzuri, lakini unawafukuza. Tembo anaamini pua yake. Anataka kunusa kwamba wenzake wamepita hapo na hawakudhurika. Kuna dume mmoja alithubutu kupita, akaacha mavi yake pale katikati. Yale ndiyo yangewaita wengine. Nani aliyazoa?"

Fagio aliinua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu.

"Ningekuja mapema kuitazama kamera, tungelijua hili zamani," afisa aliongeza. "Basi tumekosea wote. Tulirekebishe."

Jioni Fagio alimsimulia mkewe, macho yakiwa sakafuni. Alitegemea machozi. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Baba wee! Wanawake wenzangu wananunuliwa khanga, mimi mume wangu kawapigia deki tembo kwa ajili yangu! Asante, mume wangu. Sasa kesho nenda ukawachafulie."

Akaenda. Kwanza waliosha dawa yote kwa maji matupu. Kisha yeye, afisa na dereva walizunguka hifadhini wakipakia udongo na mavi ya tembo, lori zima.

"Ndugu yangu, tabasamu kidogo," dereva alimwambia, akimtazama alivyojifunga kitambaa puani. "Hata siku ya harusi yako hukujipamba hivi."

"Pakia, acha maneno."

Walimwaga vyote kwenye njia, wakavisambaza kwa koleo. Fagio alisimama akitazama uchafu ule, mikono ikimwasha. Halafu akamkabidhi afisa fagio lake, akaomba apangiwe kazi upande wa pili wa hifadhi, mbali na kishawishi.

Simu ya afisa ilimkuta huko, akiziba mashimo. "Kaka, wamepita! Mama mkubwa, dada zake, watoto, ukoo mzima! Na wamerudi kwa njia hiyohiyo!"

Fagio alikaa chini pale pale kwenye kokoto. Mkuu wa hifadhi alipokuja mwenyewe kutangaza kwamba barabara inabaki, Fagio alimshika mkono akasema asante, akasema tena, akasema tena, mpaka mkuu akaomba arudishiwe mkono wake.

Wiki iliyofuata, basi la kutoka hospitali lilipunguza mwendo juu ya njia ya tembo. Chini, upande wa mtoni, familia ilikuwa inatoka taratibu, katoto kamoja kakiwa kameng'ang'ania mkia wa mama yake. Abiria walisogea madirishani. Mke wa Fagio, bado na plasta mkononi, alifungua kioo, akatoa kichwa nje.

"Asanteni, mashemeji!" aliita. "Asanteni sana! Nendeni salama!"