Kioo cha Kasyoka

Miaka mitatu Mejumaa alihangaika na vioo juu ya paa la maabara ya chuo, Ganjoni, Mombasa. Alitaka kusafisha maji ya kisima kimoja cha Mji wa Kale, yaliyogeuka buluu kwa rangi ya watia nguo rangi wa jirani. Kila alipopaka kioo utando wa titani, unga mweupe ambao ukipigwa na jua huila rangi iliyomo majini, utando ulibanduka.

Mwaka 1996 akaletewa msaidizi, Kasyoka, msichana wa Machakos. Mwezi haujaisha, Kasyoka akaoka kioo chake polepole kutwa nzima, na utando ukashika.

"Mashallah!" alisema Mwalimu Taib, mkuu wao. "Alhamisi wageni waje wakione kioo cha Kasyoka."

Cha Kasyoka! Neno hilo lilimkaa Mejumaa kooni kama mwiba wa samaki. Nani aliyemfundisha hata kuupima huo unga? Tangu hapo kila salamu ya yule binti, "Umeamkaje, dada?", ilimchoma.

Jumatano, wenzake walipoondoka, Mejumaa alitoa mkobani kichupa cha mafuta yake ya nywele, ya nazi yaliyotiwa asmini, akakipaka kioo kote.

Alhamisi Kasyoka alikilaza kioo ndani ya sinia la maji ya kisima, na wageni wakasimama juani hadi adhuhuri. Maji yalibaki buluu. Wakaaga kwa adabu, na Kasyoka akainama juu ya sinia lake, machozi yakimlengalenga. Mejumaa aliona raha, raha iliyomwacha mdomo mkavu.

Lakini Kasyoka hakukiondoa kioo. Ijumaa alasiri maji yalikuwa meupe pe. Jua lilipouchoma utando, uliyala mafuta kwanza, kisha ukaila rangi. Pembe moja tu, iliyofunikwa na kibanio, ilibaki na utelezi. Kasyoka aliigusa, akanusa kidole, akamtazama Mejumaa.

"Asmini," alisema. "Ni mafuta yako, dada."

"Ni yangu."

"Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Umefaulu."

Mejumaa alishuka ngazi mwenyewe, akamweleza Mwalimu Taib yote. Akanyang'anywa ufunguo wa maabara, akapelekwa stoo.

Miezi miwili baadaye akasikia kwamba masinia ya Kasyoka yamewekwa kando ya kisima, na watu wanateka maji meupe. Alifurahi kwa ajili yao, kweli alifurahi. Ila kila walipomtaja Kasyoka, aligeukia rafu na kujifanya anatafuta kitu.