Karibu Tule

Loisi aliwaonya wanawe wawili tangu nyumbani: mgahawani hakuna kelele, hakuna kupanda meza. Habari ya kukaribisha watu haikumjia akilini kabisa.

Wali na kuku vilipofika, Lwitiko, wa miaka minne, akafanya kama alivyofunzwa kwao. Kila aliyeingia alimwambia, "Karibu tule." Watu walitabasamu, wakajibu, "Asante, endeleeni," wakapita. Mama mtu akaanza kujisikia kwa malezi yake.

Ndipo akaingia dereva wa lori kutoka Nakonde, mwenye kitambi cha haja. Akakaribishwa, akashukuru, akaagiza chakula chake, akanawa, akavuta kiti mezani kwao. Paja la kuku likawa lake. Loisi alimkata mwanawe jicho, lakini Lwitiko alikuwa anamsogezea mgeni kachumbari, na mdogo wake Goodness anamsogezea chumvi.

Samaki wa dereva akaletwa, mzima, amejaa sahani. Dereva akasema kiungwana, "Karibuni."

Loisi akafungua mdomo aseme wameshiba. Wanawe walikuwa wameshakaa, mmoja kulia, mmoja kushoto kwa dereva, mikono inachuruzika maji.