Darasa la Saa Nne

Mimi Helen, mtu akiligusa darasa langu simnyamazii. Ndiyo maana Jumatatu ile niliwapakia wanafunzi wangu kwenye pikapu, wengine na watoto wao mgongoni, tukatoka Kakuma kwenda Lodwar kumtafuta Cornelius.

Huyu Cornelius ni mkaguzi wa shule. Alikuja kwetu saa mbili asubuhi, akakuta mabenchi matupu, akaandika kwamba darasa halina wanafunzi, lifungwe. Hakuuliza mtu! Saa mbili vijana wangu wako kwenye foleni ya maji, wengine wananywesha mbuzi. Hawa ni watu wa miaka kumi na sita, kumi na saba. Mifugo, vita na ndoa viliwaondoa shuleni mapema. Ratiba walijipangia wenyewe: tunaanza saa nne. Na mimi sisimami mbele kuhubiri. Anayejua anamfundisha mwenzake.

Aliyekuwa na la kupoteza zaidi ni Ugbad. Aliolewa akiwa na miaka kumi na minne, sasa ana mtoto, na mwaka huu ndio angefanya mtihani wa taifa. Darasa likifungwa, hakuna mtihani. Njia nzima alikuwa akijifuta machozi, roho ikaniuma kweli.

Kufika ofisini kwa Cornelius, Lodwar, karani akatuambia mkubwa ana shughuli, turudi kesho. Kesho!

"Basi tutamngoja tukisoma," nikamjibu, maana saa nne ilikuwa imefika.

Tukakaa chini uani, mbele ya dirisha lake. Ugbad akachora mtungi wa maji kwenye mchanga, mtoto mgongoni. "Familia nne, mtungi mmoja. Tugawe vipi?"

"Robo robo," wakasema.

Lochakapong, kijana mchunga mbuzi kutoka Lorugum, akabisha. "Moja ina mgonjwa. Ipewe nusu!"

"Na hizo tatu je?" Ugbad akauliza.

Weee! Wakabishana kwa Kiturkana, Kisomali na Kiswahili, wakichora na kufuta, mpaka msichana mmoja akaruka juu: "Hizo tatu, sehemu moja ya sita kila familia!" Wakapiga makofi.

Cornelius akatoka amekunja uso. "Kelele gani hizi? Mwalimu ni nani hapa?"

Nilidhani Ugbad atalia. Wapi!

"Leo ni mimi," akasema. "Na darasani kwetu, mzee, anayetaka kuzungumza huinua mkono."

Yarabi! Karani akajiziba mdomo. Cornelius akamtazama Ugbad, akaitazama michoro mchangani, akawatazama vijana waliokuwa wakimsubiri. Polepole, akainua mkono.

"Ndiyo, mzee."

"Nilikosea, wanafunzi wapo. Darasa liendelee." Akakohoa. "Lakini nina swali. Siku ukifanya mtihani wa taifa, huyu mtoto atashikwa na nani?"

"Mimi!" nikapiga kelele, machozi yakinitoka.

Ugbad akanigeukia, anacheka. "Mwalimu Helen, mkono kwanza."