Miiba ya Samaki wa Mto Indus

...mto wa wafalme, eti, ukizibwa huko juu India basi Pakistani nzima inakauka koo, na wote wawili wana mabomu, na Mchina naye ananyemelea, Hisham anapanga mambo ya dunia kwa vidole kana kwamba wamemwita akawapatanishe, yeye muuza viyoyozi wa Ruwi, hapa Maskati, yeye ambaye bonde la Wadi Kabir likipitisha maji ya magotini hugeuza gari akakimbilia kwake Ghubra, na Nadra, shangazi yake, ameinamisha birika, kikombe cha mgeni mkononi, na asubuhi aliapa hatatia neno, posa ya Rawan, binti wa Hisham, isivunjike kwa mdomo wake... "Ndiko asili yetu, Bi Masouda," Hisham anamwambia mama aliyekuja kumposea mwanawe, "bibi yangu katoka kwa wenye ardhi, ukingo mzima wao," bibi yake, yaani mama yake Nadra, aliyezaliwa ndani ya mashua ya wavuvi na kukulia humo humo, baba yake akivua mto usio wake, ardhi gani, ardhi ya kwanza kuwa yake ni kaburi lake hapa Maskati... "Mabwana wakubwa hao! Maana sie kwetu asili kwanza," anasema Bi Masouda, na pua yake imeshapanda juu, "Wakubwa hasa!" Hisham anadakia, "Si kweli, shangazi?" na huyu Hisham mto wenyewe kauona kwenye simu, Mama aliukumbuka kwa mdomo, samaki wa miiba myembamba kama nywele, anatafuna huku anagomba, na miiba inatoka pembeni mwa midomo mmoja mmoja, safi, "Ulimi unaona, we Nadra, wacha kuchokoachokoa!"... mabomu, mabwawa, Mchina, na hakuna hata mmoja anayeuliza nani alikuwa akila humo... na pale mwisho wa busati Rawan, posa yake inazungumzwa kama bei ya kiyoyozi, anamalizia samaki wake, vidole vimetulia, na pembeni mwa midomo yake unatokeza mwiba, safi, na Bi Masouda ameuona, amekunja uso, na Hisham anamkonyeza binti yake afiche, afiche nini, mjinga wee, hicho ndicho pekee tulichorithi kutoka mto huo... "Shangazi?" kikombe bado kikavu, birika limeinama vilevile, lakini kiapo cha asubuhi kimeshamtoka Nadra, na huyu mgeni hatamiminiwa hata tone kabla hajasikia habari ya mashua.