Uyoga Uliokatwa Miguu

Nilimwaga chungu kizima cha uyoga uani mbele ya wageni, na mbwa walipoukimbilia mchuzi nikawapiga kwa ufagio. Huo uyoga ulikuwa zawadi ya komadre wangu Hermelinda, naye alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha heshima. Kwetu huku chini ya mlima Malintzi, mwanamke aliyekubatizia mtoto ni zaidi ya dada. Hermelinda ndiye aliyembeba mwanangu Fidencio siku ya ubatizo. Nilijua ninachofanya, na nilikifanya kwa hasira.

Tulikuwa tunasherehekea komunyo ya kwanza ya mjukuu wangu Yareli. Nilirudi kutoka mashineni na unga wangu wa mahindi, nikamkuta mkwe wangu Maricruz jikoni anakoroga.

"Mama, njoo uone zawadi ya mama Hermelinda. Uyoga wa malishoni, mweupe, kauweka juu ya majani kama harusi."

Nikatazama kikapu. Majani tu.

"Miguu iko wapi?"

"Miguu gani, mama?"

"Ya uyoga, Maricruz. Miguu!"

"Ulikuja hivihivi, umekatwa safi. Nimeosha, nikaukatakata, basi. Sasa ningeupekuapekua na mwenyewe amesimama hapa?"

Hakukosea. Kikapu cha komadre hakipekuliwi. Kinakwenda moja kwa moja chunguni, maana kukipekua ni kumwambia mwenzako kwamba mkono wake huuamini. Nami nililelewa hivyo. Nikatoka uani nikijaribu kutulia.

"Komadre, uyoga umechuma wapi?"

"Malishoni, Chona. Wapi tena?"

"Wote?"

"Malishoni haukutosha. Nikamalizia kule juu, chini ya mialoni. Uyoga mdogo, haujafunguka, mzuri kama vifungo vya shati."

"Na miguu umeikata."

"Nije na matope kwenye karamu ya mtoto? Mimi mbuzi?"

Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa namtazama Yareli. Siku hiyo ilikuwa yake, basi Maricruz alikuwa amempelekea bakuli la kwanza, na mtoto katika gauni lake jeupe alikuwa anapuliza kijiko.

Nilimpokonya. Kijiko kikaruka, mchuzi ukamwagikia gauni, mtoto akaangua kilio. Kisha nikaingia jikoni, nikabeba chungu cha moto kwa pindo la sketi, nikakimwaga.

"Umeingiwa na nini?" Hermelinda alisimama.

"Uyoga wa malishoni hauoti chini ya mialoni! Chini ya mialoni unaota ule mwingine!"

"Naujua ule mwingine tangu hujaolewa! Nilichemsha kidogo nyumbani na kitunguu saumu. Kikabaki cheupe! Penye sumu kingegeuka cheusi!"

"Kitunguu saumu kinajua nini? Domitila naye alitia kitunguu saumu, kikabaki cheupe, na tukamzika!"

"Konokono walikuwa wameuuma, Chona. Kiumbe hali sumu."

"Basi kaolewe na konokono!"

Hakuna aliyecheka tena. Hermelinda aliliinua lile bakuli la Yareli. Lilikuwa na mabaki chini.

"Unaniita muuaji mbele ya mwanangu wa ubatizo. Haya, nakula mimi. Tuone."

Nikalipiga kofi, likapasuka ukutani. Hermelinda akachukua shali lake, akaondoka. Bila kuaga.

Domitila alikuwa dada yangu. Alikula jioni akalala vizuri. Alfajiri akaanza kutapika na kuhara. Siku iliyofuata akapata nafuu, akakaa kitandani, akaomba chapati ya mahindi na chumvi. Tukamshukuru Mungu. Nilimchana nywele, akanitania kwamba navuta kama ninachana punda. Na wakati wote huo ini lake lilikuwa linakufa. Macho yakageuka manjano, na basi. Ndiyo maana sina subira na uyoga, ingawa kwa mengine watu husema ninayo.

Asubuhi baada ya karamu Fidencio alinijia akiwa amekunja uso.

"Mama, umemwaibisha mama yangu wa ubatizo. Nenda kamwombe radhi."

"Nitaomba nikishaiona miguu."

"Miguu gani tena?"

"Iliyobaki. Kisu kilikata juu, mwanangu. Chini bado ipo."

Hermelinda alifungua mlango nusu.

"Umekuja kuvunja bakuli gani leo?"

"Chukua jembe. Nionyeshe ulipochuma."

Nilidhani angenifungia mlango usoni. Akaingia ndani, akarudi na jembe dogo na buti za mumewe, akazitupa miguuni pangu.

"Vaa. Kumelowa huko. Usije ukaugua, halafu hilo nalo nilaumiwe mimi."

Tukapanda bila kuongea, ila alinishika kiwiko penye utelezi, akaniachia mara tu tulipovuka. Malishoni alinionyesha vishina vyake. Nikachimba kimoja, nikachimba kingine, kingine tena. Vyote vilitoka vitupu chini, vinyoofu, na udongo tu. Kofia ya uyoga mmoja uliozeeka, aliouacha, ilikuwa ya kahawia upande wa chini, kama inavyopaswa.

"Umeona?" akasema. "Umeona, mama wa sumu?"

"Twende mialoni."

Chini ya mialoni kulikuwa na giza na majani yaliyooza. Alama za kisu zilikuwa wazi, kazi safi, Hermelinda ana mkono mzuri. Nikaingiza vidole pembeni mwa shina la kwanza, chini kabisa, nikalinyanyua polepole na udongo wake.

Lilitoka limekaa ndani ya kile kifuko cheupe cha ule uyoga mwingine, kimechanika juu kama ganda la yai lililoanguliwa. Pembeni yake tukakuta mmoja mzima ambao hakuuona. Nikaugeuza. Chini ya kofia ulikuwa mweupe pe, bila hata dalili ya ile rangi ya waridi ya uyoga mchanga wa malishoni.

Hermelinda aliketi kwenye majani yaliyolowa.

"Yareli," akasema. Hilo tu.

Sikumkumbatia. Bado nilikuwa nawaka. Nilikasirishwa na kisu chake, na majani yake mazuri, na adabu yetu hii ya kufumba macho mbele ya kikapu cha mtu tunayempenda. Aliikata ile miguu kwa upendo. Najua. Aliamka gizani, akapanda mlima na magoti yale mabovu, ili mjukuu wangu apate kitu kizuri. Na upendo huo ulifika hadi kwenye kijiko.

"Ungeniambia kwa sauti ya chini," akasema baadaye, tukishuka.

"Ningeanza kunong'ona, angekuwa ameshameza."

Mlangoni nilimrudishia buti.

Jumapili Hermelinda alikuja watu wakiwa wanatoka kanisani. Akapita katikati yao na kikapu kinachodondosha matope, akaingia kwangu, akakipiga juu ya meza safi.

"Haya. Mchafu kama ulivyotaka. Na miguu yake, na minyoo, na nusu ya mlima."

"Mialoni?"

"Sijakanyaga."

Nikatandaza gazeti. Maricruz akasogea, na Yareli akapanda kwenye kigoda. Nikaanza kuugeuza mmoja mmoja, mbele ya mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumfanyia komadre jambo kama hilo. Hermelinda alikuwa ananisogezea, akinionyesha mguu kwanza, kisha chini ya kofia.

Kulikuwa na mmoja mdogo, bado umefumba. Nikaupasua. Sikuuelewa vizuri. Pengine ulikuwa mzuri tu.

Nikautupa ndani ya moto. Hermelinda aliutazama ukiungua, akanisogezea mwingine.